Kaka amegoma kumuozesha mdogo wetu kisa posa imetoka chama kingine

Assalaam aleikum shangazi, shikamoo. Mie msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeandika kwa sababu nyumbani kwetu hakukaliki. Naomba usitaje jina langu wala kijiji, sema Pemba inatosha, na vyama pia usivitaje maana watu wakishajua chama tu hawatosoma habari yenyewe, wataanza kugombana hapo hapo.

Kwetu tumezaliwa wanne. Kaka ndo wa kwanza, halafu mimi nimeolewa niko Unguja, halafu kaka wa pili yuko Maskati anafanya kazi, na wa mwisho mdogo wetu wa kike ni mwalimu wa skuli, yuko nyumbani na mama. Baba alishafariki kwahiyo kaka mkubwa ndo walii, yaani msimamizi wa kumuozesha.

Shangazi kaka huyu zamani alikuwa mtu wa bao na mpira, anataniana na kila mtu, mtu akicheka barazani ujue yeye ndo kachekesha. Chama alikuwemo tangu kijana kwa sababu baba alikuwemo, na baba aliumia mguu kwenye fujo za uchaguzi mmoja hakupona sawasawa mpaka anakufa. Baba alipofariki kaka akazidi. Mwanzo mikutano tu, sie tukasema vizuri mtu awe na msimamo wake. Baadae akaacha kununua duka la jirani kwa sababu ya kadi ya mwenye duka. Akahama msikiti, huu wa mlangoni anauruka anakwenda kuswali mbali kwa sababu imamu "si mwenzetu". Samaki hanunui mpaka ajue mvuvi ni wa wapi. Mtoto wake ana pumu, usiku mmoja ilimbana vibaya, kituo cha afya kiko dakika tano kwa mguu lakini nesi wa zamu ni mke wa mtu wa kile chama, kaka akaona bora atafute gari ampeleke mjini Chake Chake usiku ule. Mtoto alifika salama alhamdulillah ila wifi yangu mpaka leo akisimulia anatetemeka.

Na kila kitu ana maelezo yake, mvua ikichelewa, mtandao ukikatika, mtoto akifeli, yote yanarudi kwenye siasa. Mwaka 2010 wakubwa walipokubaliana Serikali ya Umoja wa Kitaifa sie tukashangiria tukasema sasa atapumzika, yeye akanuna siku kadhaa halafu akaibuka anasema ile ni mbinu, nyie hamuelewi. Waligombana tena 2015 akasema si niliwaambia. Yaani wakipatana ana haki yeye, wakigombana ana haki yeye.

Mwaka jana alifariki maalim aliyetusomesha chuoni, kaka Qur'ani yake yote kasoma kwa mzee yule. Jeneza limepita nyuma ya nyumba yetu, kijiji kizima kiko nyuma, kaka kakaa chini ya mwembe anashona nyavu. Hakunyanyuka. Nilikuwepo nimemuona, mkono wenye sindano ulisimama kidogo halafu ukaendelea.

Sasa hii ya juzi. Mdogo wetu kaletewa posa na mwalimu mwenzake, kijana mtaratibu, hana makuu. Tatizo baba yake ni katibu wa tawi la kile chama. Kaka kaisoma barua ya posa akauliza kitu kimoja tu, "huyu si mtoto wa fulani?" akairudisha pamoja na pesa zake. Mama alipomuuliza akasema mimi siwezi kuutia mkono wangu kwenye mkono wa mtu yule mbele ya mashahidi. Hakuuliza kijana ana tabia gani, anaswali, anavuta bangi, ana mke mwengine, hapana.

Mie nikapandwa na hasira nikamuandikia kwenye simu, chagua, chama au sisi. Akajibu mstari mmoja, "Nilishachagua zamani, nyinyi ndo hamkujua." Halafu akanitoa kwenye grupu la familia maana yeye ndo admini, na mume wangu alishamtoa kitambo kwa sababu ya picha aliyopiga harusini na mwakilishi wa jimbo.

Shangazi nifanye nini? Twende kwa kadhi? Kaka wa Maskati anasema yeye yuko tayari kuozesha hata kwa wakala. Mama anasema tumuache tungoje. Mie ninachotaka hasa ni kaka atoke kwenye chama hicho arudi alivyokuwa. Namtoaje?

Ni mimi Dada Mtu, Unguja

*

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba. Jina nimelificha na vyama sijavitaja, na nikwambie tu kwamba barua za namna hii naletewa na watu wa pande zote mbili, nyengine zinafanana hadi namna mtu alivyokasirika. Kwahiyo anaesoma hapa akidhani amekijua chama cha huyu kaka, ajiangalie vizuri.

Nimeisoma barua yako nikakwama pale kwenye nyavu. Mkono ulisimama. Nitalirudia hilo, kwanza nikuelezee nilivyokuelewa. Unanambia una mambo mawili, ndoa ya mdogo wako na kaka alogeuka mtu mwengine, na wewe unataka dawa moja iponyeshe yote, atoke kwenye chama. Mie naona hayo yana njia tofauti na moja lina haraka kuliko jengine.

Nianze na kaka. Unasema tatizo ni chama. Labda. Lakini hebu fikiria hapo hapo kijijini kwenu, wenye kadi kama ya kaka yako ni wangapi? Na wangapi kati yao walilifuata jeneza la maalim? Umesema kijiji kizima kilikuwa nyuma yake, basi walikuwemo na wenzake wa chama. Walizika wakarudi, na jioni wakakaa maskani kwao, baraza lao la chama, wakawasema wapinzani wao kama kawaida. Wale ni wanachama na wana msimamo pengine mkali kuliko wa kaka, ila kuna mahala msimamo wao unasita, mlangoni kwa maiti, kwa mgonjwa, kwenye sahani ya wali. Kaka yako hana tena mahala pa kusita. Chama kinajua mambo yake, kinajua bei ya karafuu iwe vipi, ardhi igaiwe vipi, muungano uwe wa namna gani, kura zihesabiwe na nani, na hayo si madogo, watu wamekufa kwa ajili yake. Lakini chama hakijui kuosha maiti. Hakijui mtoto mwenye pumu apewe nini usiku wa manane. Na hakijui hata kidogo kama kijana fulani atamtunza mke au atampiga. Kaka kakiuliza chama swali la posa, na chama kimemjibu kwa kile kinachokijua, jina la baba mtu na kadi yake.

Hapo ndo napoona hatari yenyewe. Mtu ana haki ya kupenda chama chake mpaka mwisho, hilo simlaumu nalo. Tatizo ni kwamba maswali yote yakishapelekwa sehemu moja basi hakubaki kitu cha nje cha kumwambia hapa umekosea. Wewe mwenyewe umeliona, wakipatana ni mbinu, wakigombana si niliwaambia. Imani ambayo kila kinachotokea kinaithibitisha ni raha sana kuishi nayo shida zikikuandama, haikuachi na wasiwasi hata siku moja, na ndio maana kuitoka ni kazi.

Na hili halijaanza kwa kaka yako. Wazee wetu Unguja na Pemba wanayo ile wanayoiita zama za siasa, toka uchaguzi wa kwanza 1957 mpaka mapinduzi 1964. Vyama vilikuwa Hizbu, Afro-Shirazi na ZPPP, na ukimkuta mzee wa zama zile muulize, atakwambia watu walivyosusiana maduka, walivyoachishana wake, walivyosusiana mpaka maziko. Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa kura moja, moja tu, sasa fikiria mji huo wa kura moja watu wanavyoangaliana kesho yake sokoni. Ule uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo na katika fujo zake wakafa watu 68. Vikaja vyama vingi tena, uchaguzi wa 1995, na yale yale ya maduka na daladala na misikiti yakarudi, wengi tunaosoma hapa tumeyaona kwa macho. Januari 2001 ikamwagika damu, watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Halafu Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, wakakutana Ikulu wakazungumza, na Julai 31 mwaka uliofuata tukapiga kura ya maoni, 66.4 kwa mia tukasema ndio, serikali ya pamoja ikaundwa. Ikavunjika baada ya matokeo ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, ikarudi Disemba 2020. Na Maalim Seif alipofariki Februari 2021 aliekuja kututangazia msiba ni Rais Hussein Mwinyi wa CCM. Wagombanao ndio wapatanao, kwa wakubwa imekuwa hivo kila mara. Lakini yule mwanamke aloachwa 1961 kwa sababu kaka zake ni wa chama kile, yeye hakuna muafaka uliomrudishia nyumba. Hapo mwanangu ningependa kaka yako apafikirie, sio nani mwenye haki, ni nani anaebaki na hasara baada ya mkataba kusainiwa.

(Najua kwa baadhi yenu kumtaja Mwalimu Nyerere katika habari za Zanzibar ni kuchokoza, nivumilieni. Yeye alikuwa na siasa yake ya ujamaa, aliiamini kweli kweli, na bado mwaka 1968 aliandika kuwaonya wajamaa wenzake wasiugeuze ujamaa dini yenye vitabu visivyohojiwa. Kama alifanikiwa kwa watu wake mwenyewe hiyo ni habari ya siku nyengine na mie nina maoni yangu.)

Sasa nataka nikuulize na wewe kidogo usinune. Habari ya mguu wa baba umeiandika mstari mmoja ukapita. Mie nadhani kwa kaka haikupita. Yeye ndo mkubwa, pengine ndo alomshika baba kumpeleka chooni, ndo alosikia akiugua usiku. Wewe ulikuwa umeshaolewa Unguja? Na huyu wa pili alikuwa ameshaondoka kwenda Maskati? Siwalaumu, maisha ni hivyo, nauliza tu siku zile nani alikuja kukaa na kaka. Kama waliokuja ni watu wa chama, wakachanga pesa za dawa, wakachimba kaburi, basi unapomwambia chagua chama au sisi yeye anasikia kitu chengine kabisa. Na mkono ule ambao hataki kuushika mbele ya mashahidi huenda haoni mkono wa kijana, anaona mguu wa baba. Kwake kuushika ni kusema yaliyompata baba hayakuwa kitu. Anakosea hapo, kijana yule hajamvunja mtu mguu, lakini uchungu wenyewe ni wa kweli, na nyumbani kwenu naona umekosa mtu wa kuuzungumza ndo ukapata pa kukaa kwenye chama.

Ndio maana pia nakuomba usiende kwake na lugha ya "siasa ujinga tu, wanasiasa wote wezi". Watu wengi wanadhani hiyo ndo dawa, na mie sijaona ikimtibu mtu. Aloumizwa ukimwambia lile lililomuumiza ni ujinga, anazidi kuwashika wale wanaosema si ujinga.

Na ule ujumbe wako, chagua. Nakuelewa ulipandwa na hasira, hata mie pengine ningeandika. Ila ukiutazama, umempa mlango wa aina ile ile aloizoea, mwenzetu au si mwenzetu, uko ndani au uko nje. Anaijua hiyo michezo kuliko wewe. Na hili la kutaka arudi alivyokuwa, yule wa bao na mpira, mwanangu yule alikuwa kijana ana baba yake. Mtu huyo hata bila chama huenda usimpate wote.

Tuje kwenye ndoa, maana kijana wa watu karudishiwa barua na hawezi kungoja milele.

Kadhi ni njia halali. Sie watu wa Shafi walii akikataa bila sababu inayokubalika kisheria kadhi anaweza kusimama mahala pake, nenda kaulize upate maelezo kamili usitegemee maneno yangu. Lakini jua kaka ataitwa, atahojiwa mbele za watu, na kijijini itasemwa kwamba dada zake wamempeleka mahkamani kwa ajili ya mtoto wa katibu wa tawi la kule. Kwake itakuwa ushahidi mwengine tena kwamba alikuwa na haki tokea mwanzo. Mnaweza mkapata ndoa mkampoteza yeye moja kwa moja. Pengine ni gharama mtakayoamua kulipa, ila iangalieni kabla.

Kaka wa Maskati ni njia laini zaidi, ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja kama sikosei, na kwa wakala mambo hayo yanafanyika kila siku. Muulizeni sheikh mnaemuamini kuhusu mkubwa alokataa na mdogo alokubali. Hatari yake ni ndugu wawili kutosemezana na mmoja yuko mbali, mama ndo atabaki katikati. Mkipita njia hiyo basi kaka mkubwa aambiwe kabla, uso kwa uso, asije akasikia maskani. Aambiwe na nafasi yake iachwe wazi mpaka dakika ya mwisho, kanzu yake iwepo, chakula chake kiwekwe, akija akija.

Kungoja kama anavyosema mama kuna utu ndani yake, ila kungoja bila kufanya kitu ni kumfanya mdogo wenu alipe deni la watu wengine. Mkingoja wekeni muda mnaoujua wenyewe na katikati yake mfanye kazi.

Na kazi yenyewe mie ningeanzia kwa mzee wa chama chake. Wapo, huko Pemba najua wapo, watu wazima wa msimamo usiotiliwa shaka ambao wake zao au wakwe zao ni wa upande wa pili, wameshakula na kuzikana nao miaka. Maneno ya mtu kama huyo kaka hawezi kusema katumwa. Asiende kumhubiria, aende akanywe nae kahawa amsimulie tu yeye mwenyewe alimuozesha vipi binti yake. Hatari ni kwamba ukikosea mtu ukamchukua mwenye kupenda kuchochea utakuwa umemwagia mafuta ya taa, kwahiyo muulize wifi yako, yeye anawajua wanaoingia nyumbani kwake. Halafu wifi huyo, mwanangu, anaetetemeka mpaka leo, kuna mtu amekaa nae? Anaishi ndani ya jambo hili kuliko nyote.

Wewe ukipata kukaa na kaka, usimuulize kuhusu chama. Muulize kuhusu maalim. Mtu asiejali hata sindano haisimami, ile ilisimama. Muulize alifundishwa sura gani kwanza, alipigwa bakora ngapi kwa utundu, mwache aseme. Akitaka kunyamaza nyamazeni wote. Huenda usipate kitu siku hiyo. Ukiona kuna nafasi ndo umuulize, kaka, kuna jambo gani chama chako kikilifanya wewe utasema hapa hapana? Sio kumtega, umuulize kwa kutaka kujua kweli. Kama lipo hata moja, basi hajafungwa pande zote. Kama atasema hakuna, usibishane, mwache aondoke na neno lake.

Jambo moja limenikera kidogo kwenye barua yako na nalisema kwa mapenzi. Nimesoma kaka anasema nini, mama anasema nini, wa Maskati anasema nini, wewe unataka nini. Binti mwenyewe hajasema neno. Anampenda huyu kijana kiasi cha kuolewa bila kaka yake mkubwa kuwepo? Au yuko tayari kusubiri? Au ameshaanza kuogopa kwamba kule anakokwenda nako kuna mtu kama kaka, anaeuliza kadi kabla ya salamu? Maana baba mkwe ni katibu wa tawi, na nyumba ya katibu nayo ina uchaguzi kila miaka mitano, huyu binti akiingia mle na jina la ukoo wenu wataanza kumuita nani? Kijana kasemaje kuhusu hilo? Haya mumuulize yeye peke yake, bila wewe kumsukuma kwa sababu una hasira na kaka.

Mpigie leo kama unaweza, yeye kwanza. Kwa kaka tuma ujumbe mfupi, usirudie ya juzi wala usijieleze sana, mwambie barua ya posa bado haijajibiwa na nyumba nzima, na kwamba Ijumaa unavuka na boti kuja kumuona mama, utalala kwake kama wifi ana nafasi.